Jiko Lina Pumzi: Hotuba kwa Vikundi vya Mwethya

(Haya ni maneno tuliyozungumza na wanachama wa vikundi vya kujisaidia vya Kitui na Makueni kabla ya majira ya baridi. Wengi waliomba yaandikwe, ili yasomwe katika vikundi ambavyo havikuweza kufika.)

Tunajua wengine mmetembea tangu asubuhi na mapema, na nyumbani mmeacha mbuzi na watoto. Kwa hiyo hatutawachosha.

Leo hatuzungumzii mabwawa ya mchanga wala miche ya mukau. Tunazungumza juu ya jiko. Najua wengine mnacheka. Mama mmoja hapa mbele amesema, "Jiko? Si hilo tunapika nalo kila siku tangu tuzaliwe?" Ni kweli, mama. Lakini kitu unachokitumia kila siku ndicho usichokitazama. Tuvumilieni kidogo, halafu mwisho mtatuambia kama tumewapotezea wakati.

Kwa nini tuzungumze juu ya jiko

Sababu ya kwanza mnaiona mkisimama kilimani. Miti imepungua. Kwa tanuru ya kawaida ya udongo, ile tunayochimba na kufunika, kilo 100 za kuni kavu hutoa kilo 10 hadi 20 tu za makaa. Zilizobaki zimekwenda na moshi. Kwa hiyo gunia moja la makaa lililosimama kando ya barabara ni mzigo mkubwa sana wa miti iliyoanguka. Na mti wa nchi kavu kama yetu haukui kwa msimu mmoja. Muuku uliokatwa leo, mwenye kuukata atakuwa mzee kabla haujarudi ulivyokuwa.

Mnakumbuka mwaka wa 2018, Kaunti ya Kitui ilipopiga marufuku biashara ya makaa na kuyasafirisha nje ya kaunti. Palikuwa na maneno mengi. Wengine walifurahi, wengine walilia kwa kuwa karo ya shule ilitoka humo. Hatukuja kuhukumu mtu. Tunasema tu kwamba amri inaweza kuzuia lori barabarani, lakini haiingii jikoni kwako. Jikoni kwako unaingia wewe. Kila kopo la makaa usilolichoma bure ni tawi lililobaki mtini na shilingi iliyobaki kwenye leso.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Ni uhai wa watu. Na hapa lazima tuanze kwa kukiri kosa letu sisi wenyewe.

Kosa tulilofanya

Miaka kadhaa iliyopita tulizunguka katika vikundi vya milimani tukifundisha matumizi ya jiko lenye udongo ndani. Jiko hili mnalijua. Lilianza kuuzwa hapa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, mfano wake ukiwa umetolewa kwenye majiko ya ndoo ya Thailand, na mafundi wa jua kali wakalifanya kuwa letu: bati nje, udongo uliochomwa ndani, kiuno chembamba katikati, na kimlango kidogo chini. Likitumiwa vizuri linaweza kupunguza makaa kwa theluthi moja hadi nusu, ukililinganisha na lile la bati tupu.

Tulifundisha vizuri, tulidhani. Tulisema, "Chakula kikichemka, funga kimlango. Makaa yatadumu." Akina mama wakashika. Wakafurahi. Sisi tukarudi nyumbani tukijisifu.

Ikaja Julai. Mnajua Julai ya Mbooni na Kilungu ilivyo: ukungu mpaka saa nne asubuhi, upepo unaingia mpaka kwenye mifupa. Mama mmoja katika vikundi vile alikuwa na mtoto mchanga. Usiku alipomaliza kupika, makaa yalikuwa bado mekundu. Akaona vibaya kuyapoteza. Akaingiza jiko katika chumba cha kulala, akafunga kimlango kama tulivyomfundisha, akafunika makaa kwa majivu ili yafike asubuhi, akafunga dirisha na mlango, akaziba kwa gunia ile nafasi ya chini ya mlango. Akalala na watoto wake watatu.

Usiku wa manane kijana wake mkubwa aliamka anataka kutapika. Kichwa kilimuuma, miguu haikuwa na nguvu. Alijikokota mpaka mlangoni, akaufungua, akaanguka pale pale kizingitini. Kule kuanguka kwake kuliwaokoa wote, kwa sababu mlango ulibaki wazi na hewa ikaingia. Baba mdogo wa nyumba ya jirani alisikia kishindo, akaja, akawatoa mmoja mmoja. Mtoto mchanga alikuwa amelegea kama kitambaa. Walifika hospitalini wakawekewa hewa ya oksijeni. Wote wako hai leo, na mama huyo ametuambia tusimulie, ila jina tuliache.

Tulipokwenda kumpa pole alituuliza swali moja: "Mbona hamkuniambia?" Hatukuwa na jibu. Tulimfundisha kuokoa makaa, hatukumfundisha kwamba jiko lina pumzi. Ndiyo sababu tuko hapa leo. Tumekuja kumalizia somo tulilolikatiza.

Mambo manne ya kila moto

Wenzetu wa nchi za baridi wanapasha nyumba nzima joto kwa moto. Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, ambako kuna makaa ya mawe magumu ardhini, zipo familia mpaka leo zenye tangi la maji ya moto chini ya nyumba. Makaa ya mawe yaliyopondwa yamejazwa katika sanduku. Mashine ndogo inayasukuma kidogo kidogo mpaka kwenye moto, feni inapuliza hewa, majivu yanaanguka ndani ya debe, na moshi unatoka nje kwa bomba. Maji yanayopata moto yanapita katika mabomba mpaka kila chumba.

Mtasema hayo ni ya wazungu na mashine zao. Sikilizeni kwanza. Mwenye nyumba yule, mashine ikimsumbua, anatazama mambo manne tu. Moja, je, moto unalishwa kiasi gani? Mbili, je, hewa inayoingia ni ya kutosha? Tatu, je, majivu yanasema nini? Nne, je, kinachotoka kina njia ya kutokea? Akiona makaa meusi yanaanguka katika debe la majivu bila kuungua, anajua amelisha haraka kuliko moto unavyoweza kula, basi anapunguza. Akiona moto umebaki kidogo katikati na majivu pande zote, anajua moto una njaa, anaongeza. Hewa ikizidi, joto linakimbia na bomba. Hewa ikipungua, moto unakosa pumzi.

Haya manne ndiyo ya mafiga matatu ya nyanya yako, ndiyo ya jiko lako la udongo, ndiyo ya tanuru la mkate. Moto hauna kabila. Sasa tuyachukue moja moja.

La kwanza: chakula cha moto

Kama ni kuni, ziwe kavu na ziwe zimepasuliwa. Kuni mbichi inaweza kuwa na maji hata nusu ya uzito wake. Ukiitia motoni, moto unaanza kazi ya kukausha maji hayo kabla ya kukupikia. Unalipa mara mbili. Kata, pasua, panga juu ya mawe penye jua, funika wakati wa mvua. Kuni ndogo tatu zinazogusana kichwani zinawaka kuliko gogo moja kubwa. Na usizisonge zote mdomoni mwa jiko. Zisukume ndani polepole kadiri zinavyoungua, kama mtu anavyomlisha mtoto. Mtoto akijazwa mdomo anapaliwa. Jiko likijazwa mdomo linatoa moshi. Na moshi ni kuni ambazo hazikuungua. Umezibeba kwa mgongo kutoka mtoni, halafu unazitoa dirishani.

Kama ni makaa, vunja makubwa yawe kama ngumi ya mtoto, na pepeta vumbi. Vumbi likijaa linaziba njia ya hewa. Lakini usilitupe. Lichanganye na udongo wa mfinyanzi kidogo na maji, viringisha mipira, anika mpaka ikauke kabisa. Inawaka polepole, inafaa kwa chakula cha muda mrefu kama muthokoi.

La pili: hewa

Kimlango cha chini cha jiko si pambo. Ndiyo pua ya jiko. Wakati wa kuwasha, kiache wazi kabisa, na jiko liwe nje. Sufuria likichemka, funga kimlango mpaka ibaki nafasi ya kidole kimoja. Wengi huendelea kuacha moto mkali wakidhani chakula kitaiva upesi. Hapana. Maji yakishachemka hayazidi kuwa moto hata ukitia gunia zima. Yanapungua tu, nawe unaongeza mengine. Isyo inaiva vile vile kwa mchemko mdogo, mradi sufuria limefunikwa.

Tazameni pia mahali mnapoweka jiko. Likikaa njiani mwa upepo, unapepewa usipotaka. Makaa yanakwisha upesi na joto linapigwa pembeni bila kugusa sufuria. Likinge kwa ukuta au kwa mabati.

Jiko ambalo kimlango chake kimevunjika ni kama gari lisilo na breki. Usikae nalo mwaka mzima. Fundi analirekebisha kwa kipande cha bati. Udongo wa ndani ukipasuka ufa mdogo si neno, lakini ukianza kubomoka, mpe fundi aweke mwingine. Na usimwagie jiko maji likiwa moto. Ndiyo sababu kubwa ya udongo kupasuka.

La tatu: majivu

Kabla ya kuwasha, kung'uta majivu yote. Tazama yale matundu ya udongo: yakiziba, hata ukipepea mpaka mkono uchoke, moto utakuwa mgonjwa. Wakati wa kupika, majivu yakijaa chini mpaka yakafikia matundu, jiko limefungwa pua hata kama kimlango kiko wazi.

Yatazame majivu yako. Yakiwa laini na meupe, umechoma vizuri. Yakiwa na vipande vingi vyeusi, ama makaa yalikuwa madogo mno yakapita matunduni, ama ulitia mengi kuliko chakula chenyewe. Viokote vile vipande, ni pesa.

Majivu moto ni hatari kwa watoto. Yanaonekana yamelala, kumbe ndani yana moto. Yaweke kwenye debe lenye kifuniko, mbali na paa la nyasi. Yakishapoa kabisa, yale ya kuni mnajua kazi yake: wazee wetu walichanganya na kunde na mbaazi ili wadudu wasitoboe.

La nne: njia ya kutokea

Hapa ndipo tulipokosea, na hapa ndipo tunataka mfungue masikio.

Yule mwenye nyumba wa Pennsylvania ana bomba linalotoa kila kitu nje, na juu ya hilo watu wengi huko wanaweka kifaa ukutani kinachopiga kelele hewa mbaya ikijaa. Jiko la kuni lenye bomba lina njia ya kutokea. Lakini jiko letu la makaa halina bomba. Yale matatu ya kwanza linayo. La nne halina. Basi bomba lake ni nini? Bomba lake ni mlango wako na dirisha lako. Ukivifunga, umeziba bomba, na wewe uko ndani yake.

Hewa isiyo na harufu

Watu husema, "Makaa hayana moshi, kwa hiyo hayana neno." Hilo ndilo kosa linaloua. Moshi wa kuni unakuchoma macho, unakohoa, unatoka nje. Moshi unakufukuza. Makaa hayakufukuzi.

Hebu tueleze inavyokuwa. Hewa inaingia chini, inakutana na makaa mekundu, yanawaka. Ikiendelea kupanda kati ya makaa yenye moto mkali huku nguvu yake imekwisha, inageuka kuwa hewa nyingine inayoitwa kaboni monoksaidi. Mmewahi kuona mwali mdogo wa buluu ukicheza juu ya makaa? Huo ni hewa hiyo inaungua inapofika juu. Ukiona mwali umezimika, usifikiri hewa hiyo imekwisha. Inaendelea kutoka, sasa bila kuungua.

Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Ukiivuta inaingia katika damu na kukaa mahali pa oksijeni. Damu inaishika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko inavyoishika oksijeni. Kwa hiyo mtu anapumua, kifua kinapanda na kushuka, lakini mwili unakufa kwa kukosa hewa. Na kama amelala, haamki.

Sasa sikilizeni vizuri. Unapofunga kimlango cha jiko, makaa yanadumu, ndiyo, lakini pumzi yake inakuwa haba na sumu hii inaweza kuongezeka. Unapofukia makaa kwa majivu ili yafike asubuhi, moto haujafa. Unapumua polepole usiku kucha, na unachotoa ndicho hicho. Kwa hiyo somo letu la kuokoa makaa ni zuri jikoni penye mlango wazi. Katika chumba cha kulala ni mauti.

Kuna mambo watu huyafanya wakidhani ni kinga. Kuweka sufuria la maji juu ya jiko hakuondoi sumu hii. Kusubiri makaa yawe mekundu yote kunapunguza moshi tu. Sumu bado ipo. Jiko la bati, la udongo, la makaa ya vumbi, yote ni mamoja katika jambo hili. Na wale wenye shida zaidi ni mtoto mchanga, mama mjamzito, mzee, na mgonjwa wa moyo au kifua.

Moshi wa kuni nao tusiusahau. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na nyingi katika hewa hiyo inatoka katika majiko kama yetu. Tofauti ni kwamba moshi unaua polepole kwa miaka, na hii nyingine kwa usiku mmoja.

Basi tujipashe joto namna gani?

Mzee mmoja aliuliza hivi kwa hasira kidogo: "Mnatukataza jiko, mnataka tufe kwa baridi?" Hapana, mzee. Jiko lipashe nyumba, lakini kwa masharti haya:

1. Washa jiko nje. Liingize likishawaka vizuri, si wakati linafuka.

2. Likiwa ndani, mlango au dirisha viwe wazi. Ni bora zaidi vikiwa viwili pande mbili tofauti, hewa ipite. Ndiyo, joto kidogo litatoka. Litoke.

3. Kaeni pamoja jikoni jioni, ongeeni, muote moto mkiwa macho. Asilale mtu humo, hata mtoto mdogo mgongoni au kwenye kona.

4. Kabla ya mtu yeyote kulala, jiko litoke nje. Si baadaye. Kila nyumba ichague mtu mmoja ambaye hilo ni jukumu lake, kama vile kufunga zizi la mbuzi.

5. Makaa yaliyobaki yatie katika debe lenye kifuniko kinachobana, nje, mbali na watoto. Yakikosa hewa yanazimika, na kesho unayatumia tena. Hivyo hupotezi kitu. Kama yule mama angejua hili, asingekuwa na sababu ya kuingiza jiko chumbani.

6. Kitandani, chukua chupa imara, tia maji ya moto, funga vizuri, izungushie kitambaa, iweke miguuni. Ziba mianya ya ukutani ambako upepo unakupiga kitandani, lakini acha ile nafasi ya juu kati ya ukuta na paa.

Na kuna kikapu cha joto. Chukua kikapu kikubwa, kizungushie ndani matambara, majani makavu ya mgomba au sufi, ushone na mto wa kufunika. Maharagwe yaliyolowekwa usiku, yachemshe kwa nguvu kama nusu saa, kisha tia sufuria na kifuniko chake ndani ya kikapu, funika, usiguse kwa saa tatu au nne. Yatakuwa yanaiva bila moto. Kabla ya kula, yachemshe tena. Makaa umeokoa, na hakuna pumzi ya jiko ya kuogopa.

Mkimkuta mtu amezidiwa

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, kuchanganyikiwa. Nyumba nzima ikiumwa kichwa asubuhi moja, na wakitoka nje wanapata nafuu, msiseme ni malaria wala msitafute mchawi. Tafuteni jiko.

Fungua mlango na madirisha kwanza. Mtoe mgonjwa nje upesi, usikae ndani, maana nawe utaanguka. Kama hapumui na kuna anayejua kumpulizia pumzi, afanye hivyo. Kisha hospitali mara moja, hata kama ameamka na kusema yuko sawa, na mwambieni daktari kulikuwa na jiko ndani. Neno hilo moja linaweza kumwokoa. Maziwa hayaondoi sumu hii. Dawa yake ni oksijeni.

Neno juu ya makaa ya mawe

Vijana kutoka upande wa Mwingi waliuliza: "Na makaa ya mawe ya bonde la Mui, hatuwezi kuyatumia nyumbani?" Ni kweli visima vya utafiti vilionyesha kwamba yapo chini ya ardhi ya Mui. Mabishano juu ya kuyachimba, ardhi na fidia ni marefu, na yanahitaji baraza lake. Lakini kwa jikoni jibu ni moja: mtu asitie makaa ya mawe katika jiko lisilo na bomba. Yanatoa moshi mzito wenye kiberiti, na yanatoa ile ile kaboni monoksaidi. Wale wa Pennsylvania wanayachoma katika chombo kilichofungwa chenye bomba mpaka juu ya paa, na bado wanaogopa. Sisi tuyaache.

Kazi ya kikundi

Hotuba bila kazi ni upepo. Kila kikundi kikirudi nyumbani kifanye haya:

- Leteni majiko mawili mkutanoni, moja la bati na moja la udongo. Tieni makaa yaliyopimwa sawa, kopo kwa kopo, na sufuria mbili zenye lita mbili za maji. Tazameni lipi linachemsha kwa makaa machache. Msituamini sisi, jioneeni.

- Kila mwanachama apime kwa gorogoro makaa anayotumia wiki moja kama alivyozoea, na wiki ya pili akitumia kimlango, kifuniko cha sufuria na debe la kuzimia. Tofauti iandikwe katika daftari la kikundi.

- Wekeni siku moja ya mwethya ya kutembelea nyumba za wanachama. Tazameni vimlango vilivyovunjika, matundu yaliyoziba, na nyumba zisizo na dirisha. Kutoboa dirisha ukutani ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wanne. Anzeni kwa wenye watoto wachanga na wazee wanaoishi peke yao.

- Kila aliyekaa hapa amwambie mtu mmoja ambaye hakuja. Waelezeni hasa vijana waliopanga vyumba vya mabati mjini, Wote, Emali, Mwingi, kwa maana vyumba vile ni vidogo na jiko liko karibu na kitanda.

Maswali ya kuzungumza pamoja: Nani nyumbani kwetu analala karibu na moto? Jiko hutoka nje saa ngapi, na nani anayelitoa? Je, fedha tunazookoa kwa makaa tuziweke wapi, na zinaweza kununua miche mingapi kabla ya mvua za Novemba?

Tunamalizia hapa. Yule mama wa milimani sasa ni mwalimu wa kikundi chake. Hafundishi kwa picha wala kwa kitabu. Anasimama tu na jiko lake mkononi, anaonyesha kimlango, anasema, "Hapa linaingiza pumzi." Halafu anaonyesha mlango wa nyumba, anasema, "Na hapa linaitoa. Msizibe." Kisha anakaa.

Sisi tumetumia maneno mengi kusema hayo hayo. Tusameheni. Haya, chai iko tayari, na jiko, kama mnavyoona, liko nje.